TypingClub, keybr na Monkeytype: Tathmini ya Tovuti Tatu za Kujifunza Kuchapa Bila Kutazama Kibodi

Karibu kila tovuti inayofundisha kuchapa humpokea mgeni wake kwa ahadi ya kasi. Kabla hajajua kidole kipi kinabonyeza kitufe kipi, ameshapewa jaribio la dakika moja, ameshaonyeshwa idadi yake ya maneno kwa dakika, na ameshaambiwa kwamba idadi hiyo inaweza kupanda maradufu. Tathmini hii inahusu tovuti tatu zinazotumiwa sana kwa kazi hiyo, yaani TypingClub, keybr na Monkeytype, ambazo zote hufunguka kwenye kivinjari cha kawaida cha kompyuta na zote zinaweza kutumika bila malipo. Nimezitumia kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika Kiswahili, na maoni yangu ni kwamba zote tatu zina manufaa, hakuna inayotosha peke yake, na ile inayomzuia mwanafunzi asikimbie ndiyo inayomfikisha mapema kuliko zile zinazomhimiza akimbie.

Nianze na kipimo chenyewe, kwa sababu ndicho kinachowapotosha wengi. Neno linalohesabiwa na tovuti hizi ni mibonyezo mitano, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa pia, ili maandishi ya kila aina yaweze kulinganishwa. Kwa utaratibu huo "hawakutuambia", pamoja na nafasi inayolifuata, ni mibonyezo 14, na linahesabiwa kama maneno karibu matatu. Anayeona 40 kwenye kioo baada ya kuchapa Kiswahili kwa dakika moja amebonyeza mara 200, na akiyahesabu maneno yaliyo kwenye ukurasa atakuta hayafiki 40. Kipimo hiki kwa kweli kinatutendea haki, kwani kama yangehesabiwa maneno halisi, mchapaji wa lugha yetu, ambayo hufunga mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, angeonekana mzito kuliko alivyo.

Kuhusu kasi ya watu wa kawaida, tunao ushahidi mzuri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa mibonyezo milioni 136 iliyokusanywa mtandaoni kutoka kwa watu 168,000, na wastani wa kasi yao ulikuwa takriban maneno 52 kwa dakika. Waliochapa haraka ndio pia waliokosea mara chache, na wengi wao walikuwa na desturi ya kubonyeza kitufe kinachofuata kabla ya kukiachia kilichotangulia. Maana yake ni kwamba kasi haitokani na kugonga vitufe kwa pupa, bali na kidole cha pili kuwa kimeshafika mahali pake wakati kidole cha kwanza bado kinamalizia kazi yake. Mtu ambaye kila herufi lazima aitafute kwa macho atapata taabu kubwa kufika hapo.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hilohilo. Mtu anayebonyeza mara 300 kwa dakika kwa usahihi wa asilimia 90 hukosea mara 30 ndani ya dakika hiyo, na kila kosa humgharimu walau mibonyezo miwili ya ziada, mmoja wa kufuta na mwingine wa kuchapa upya, mbali na muda wa kugundua kwamba amekosea. Mwenye usahihi wa asilimia 98 hukosea mara sita tu. Tena katika Kiswahili yako makosa ambayo hata programu ya kukagua tahajia haiwezi kuyakamata, kwa sababu herufi moja iliyoachwa huzaa neno jingine lililo sahihi kabisa: barua iliyokusudia kusema kwamba wafanyakazi wamelipwa ikaondoka ikisema kwamba wamelipa. Kwa hiyo ninapozipima tovuti hizi, swali langu la kwanza ni jinsi kila moja inavyolishughulikia kosa.

Jambo jingine linalofaa kusemwa mapema ni kwamba njia hii ya vidole kumi si uvumbuzi wa mtandao. Tarehe 25 Julai 1888, huko Cincinnati nchini Marekani, Frank McGurrin, karani wa mahakama kutoka Salt Lake City, alimshinda Louis Traub katika shindano la kuchapa lililotangazwa sana, yeye akichapa bila kutazama vitufe na mpinzani wake akivitazama. Tangu hapo mbinu yenyewe imebadilika kidogo mno. Wala si kweli kwamba asiyetumia vidole vyote kumi hawezi kuwa na kasi: utafiti mwingine wa Aalto, wa mwaka 2016, uliowachunguza wachapaji 30, uliwakuta watu waliojifunza wenyewe, wakitumia vidole vichache, wakiwa na kasi sawa na waliofundishwa. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya macho, kwani waliofundishwa waliitazama mikono yao kwa muda mfupi zaidi. Kwa mtu anayenakili kutoka kwenye karatasi, au anayehariri huku akisoma, faida ya kuyaacha macho kwenye maandishi ni kubwa, na ndiyo sababu ninayoiona kuwa ya kweli ya kujifunza. Anayechapa ujumbe mfupi tu hana haja ya kujisumbua.

TypingClub ndiyo ninayompendekezea mtu asiyejua kabisa vidole vinakaa wapi. Masomo yake ni mamia, yamepangwa kwa mfuatano, na yanaanzia kwenye F na J, vitufe viwili ambavyo kwenye kibodi nyingi vina kinundu kidogo ili vidole vya shahada vivitambue bila msaada wa macho. Kutoka hapo mwanafunzi hupanuliwa hatua kwa hatua hadi safu nzima ya katikati, kisha safu ya juu, kisha ya chini. Katika masomo ya mwanzo mikono miwili huchorwa juu ya kibodi iliyo kwenye kioo, na kidole kinachotakiwa huonekana kikisogea kwenda kwenye kitufe chake na kurudi. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo linalokosekana katika tovuti nyingi, ambazo huonyesha kitufe kikiwaka rangi bila kusema kibonyezwe na kidole gani, na matokeo yake mwanafunzi hupitia masomo yote huku vidole vyake vya pete na vya mwisho vikiwa vimekaa bure.

Kila zoezi humalizika kwa nyota, ambazo hufika tano kwa anayechapa vizuri, na zoezi linaweza kurudiwa mara yoyote. Mfumo huo wa nyota unafaa watoto na unaudhi watu wazima kidogo, ingawa nakiri kwamba nyota ya tano ina mvuto wake hata kwa mtu mwenye mvi. Lisilopendeza ni mwendo. Mtu mzima anayetaka kufika kwenye maneno halisi atalazimika kupita kwenye mistari mingi ya herufi mbili zinazorudiwarudiwa, pamoja na michezo na video zilizotengenezwa kwa ajili ya darasa la watoto, na asiyelipia atafanya hayo yote huku matangazo yakimzunguka. Ningemshauri aitumie hadi atakapokuwa amefundishwa mahali pa kila herufi, kisha aondoke bila kungoja kumaliza masomo yote.

Keybr ni kitu cha namna nyingine kabisa, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote tatu, pamoja na ukavu wake. Hakuna mikono inayochorwa, hakuna nyota, na akaunti si ya lazima. Ukifungua ukurasa wake unakuta mstari wa herufi zote juu, kibodi iliyochorwa chini, na katikati maneno ya kuchapa. Mwanzoni herufi zinazotumika ni sita tu, yaani E, N, I, A, R na L, na maneno yanayoundwa kutokana nazo mengi si maneno ya lugha yoyote. Yanatungwa na programu kwa kufuata jinsi sauti zinavyofuatana katika lugha iliyochaguliwa, hivyo yanatamkika lakini hayana maana. Kila herufi inapimwa peke yake, na kisanduku chake hubadilika rangi kutoka nyekundu kuelekea kijani kadiri kidole kinavyoizoea. Herufi mpya haifunguliwi hadi zilizopo zifikie kasi lengwa, ambayo kwa kawaida imewekwa kuwa maneno 35 kwa dakika, na ile iliyo nyuma ya wenzake huingizwa ndani ya kila neno hadi ipone.

Uzuri wa mpango huu unaonekana pale mtu anapodhani ameshajua. Anayechapa maneno halisi hubebwa na mazoea: vidole vyake vinalijua neno zima, na herufi mbili dhaifu zilizomo hujificha ndani ya mwendo huo. Neno la kubuni halimpi nafasi hiyo. Kila herufi lazima isomwe na ipelekwe kwenye kidole chake, na udhaifu wa kidole cha mwisho cha kushoto, kwa mfano, hujitokeza wazi kwenye rangi ya kisanduku hata kama kasi ya jumla inaridhisha. Kwenye mipangilio unaweza pia kuamuru kishale kisimame kila unapokosea, kisisogee hata nafasi moja hadi kitufe sahihi kibonyezwe. Mpangilio huo huudhi sana siku za mwanzo, na ningependa kila anayeanza auwashe.

Kasoro ya keybr, mbali na uchovu wa kuchapa maneno yasiyo na maana, ni kwamba hukuanzisha na herufi ndogo tupu. Herufi kubwa na alama za uandishi huongezwa kwa kutelezesha vidhibiti kwenye mipangilio, na watu wengi hawafiki huko. Anayefungua herufi zote na kujiona amehitimu hushangaa anapokutana na barua halisi yenye mabano, nukta mbili na tarehe, kwa sababu kidole chake cha mwisho cha kulia, kinachobeba karibu alama zote hizo pamoja na kitufe cha kuingiza, hakijafanya kazi yoyote ya maana tangu mwanzo. Kitufe cha shifti nacho kina kanuni yake, kwamba hubonyezwa na mkono ule usiochapa herufi yenyewe, na kanuni hiyo haizoeleki kwa kusoma. Inahitaji mazoezi yake yenyewe.

Monkeytype ndiyo maarufu zaidi miongoni mwa vijana, na kwa sura ndiyo iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote. Ni programu huria, ilianza mwaka 2020, na ukurasa wake ni mtupu kabisa isipokuwa maneno ya kuchapa. Unachagua jaribio la sekunde 15, 30, 60 au 120, au la idadi fulani ya maneno, au la nukuu, na ukimaliza unapata grafu inayoonyesha kasi yako sekunde kwa sekunde, usahihi kwa asilimia, kasi ghafi isiyokatwa makosa, na kiwango cha uthabiti wa mwendo wako. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokitazama kwanza. Mtu mwenye uthabiti mdogo huruka haraka juu ya maneno anayoyajua na kukwama kwenye mengine, na grafu yake hupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Akipunguza mwendo hadi mstari utulie, makosa hupungua, na mara nyingi kasi ya jumla hubaki ileile.

Tatizo ni kwamba Monkeytype ni mzani, na watu huitumia kama shule. Jaribio lake la kawaida lina maneno mafupi yanayotumika sana, bila herufi kubwa, bila nukta, bila tarakimu, na kwa muda wa nusu dakika mtu yeyote anaweza kujikaza. Idadi inayopatikana hapo ni ya kweli, ila haifanani na ile ambayo mtu huyohuyo ataipata akichapa ripoti kwa saa nzima. Anayerudia jaribio la sekunde 15 hadi apate matokeo ya kujivunia anajifunza kurudia jaribio. Na kwa kuwa kuanza upya ni suala la kubonyeza kitufe kimoja, tabia inayojengeka haraka ni ya kulitupa jaribio kila kosa linapotokea mwanzoni, ilhali kazi halisi haina kitufe cha namna hiyo.

Kwa bahati nzuri dawa imo ndani ya tovuti hiyohiyo, kwa atakayeingia kwenye mipangilio. Unaweza kuwasha alama za uandishi na tarakimu. Unaweza kuweka kiwango cha chini cha usahihi, ambacho ukishuka chini yake jaribio linakatika. Upo mpangilio unaokizuia kitufe cha kufutia kisifanye kazi, ambao humfundisha mtu kutulia kuliko hotuba yoyote, na upo mwingine mkali zaidi ambao kosa moja tu linamaliza jaribio lote. Baada ya jaribio unaweza kuomba maneno uliyoyakosea yarudishwe uyafanyie mazoezi peke yao. Ukiwashwa hivyo, kwa dakika mbili mfululizo badala ya robo dakika, mzani huu unaanza kweli kufundisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo tovuti hizi hazikulitengeneza kwa kutufikiria sisi, nalo ni lugha. Masomo ya kuchapa, yawe ya TypingClub au ya wengine, mengi yamejengwa juu ya Kiingereza, na vidole vinavyozoea Kiingereza havijaandaliwa kwa Kiswahili. Kwenye keybr, mfuatano wa herufi za Kiingereza huziweka K, W, Z na J mwishoni mwishoni, wakati anayeandika Kiswahili hawezi kumaliza sentensi moja bila kuzigusa. Kwa upande mwingine mwanafunzi hutumia muda mwingi kuizoea Q na X, ambazo sisi tunazikuta kwenye majina ya kigeni tu, na C, ambayo kwetu haitembei bila H. Alama ya ritifaa, tunayoihitaji kwa "ng'ombe" na "ng'oa", hufundishwa kama pambo la baadaye.

Mgawanyo wa kazi kati ya vidole nao hubadilika. Herufi inayojitokeza mara nyingi kuliko zote katika Kiswahili ni A, na kwenye mpangilio wa kibodi wa kawaida, uitwao QWERTY, inabonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho kidole dhaifu kwa watu wengi. Chini yake kuna Z, ya kidole hichohicho. Chapa neno "wazazi" polepole ukitazama mkono wako: baada ya W, kidole cha mwisho kinachukua A, kinashuka Z, kinapanda A, kinashuka tena Z, mibonyezo minne mfululizo bila msaada wa jirani yeyote. Kidole cha kati cha kulia kinapata kazi ya aina hiyohiyo kwenye "hakika", kwa kuwa K na I zote ni zake. Katika "nyumbani", herufi nne za kwanza zote ni za kidole cha shahada cha kulia, ambacho kinaruka kutoka safu ya chini hadi ya juu, kinakwenda kando, kisha kinashuka tena. Na "watawezesha", yenye herufi 11, huchapwa yote kwa mkono wa kushoto isipokuwa H.

Ule ujuzi wa kuandaa kidole cha pili kabla ya cha kwanza kumaliza, ambao watafiti waliuona kwa wachapaji wa kasi, hauwezi kufanya kazi pale ambapo cha kwanza na cha pili ni kidole kimoja. Ndiyo maana mtu aliyefika mbali kwenye masomo ya Kiingereza huona kasi yake ikishuka anapogeukia Kiswahili, akadhani amesahau. Hajasahau chochote, hajawahi kufundishwa "za", "ki", "lo", "hu" na "mu" kwa wingi huo. Monkeytype inayo orodha ya maneno ya Kiswahili, na kwa hilo pekee inastahili nafasi kwenye kivinjari cha kila mwandishi wetu, ijapokuwa maneno yake huja yametawanyika, bila sentensi. Lililo bora zaidi ni kubandika maandishi yako mwenyewe, jambo linalowezekana kwenye Monkeytype na kwenye keybr pia. Mimi hubandika aya za kazi niliyokwisha kuichapisha, pamoja na nukta na mikato yake, na tofauti kati ya namba ninayoipata hapo na ile ya maneno mepesi inanitosha kama darasa. Asibandike mtu barua za ofisi wala nyaraka zenye majina ya watu. Hiyo ni tovuti ya mazoezi, na maandishi ya zamani yasiyo ya siri yanatosha kabisa.

Wapo watakaouliza kama isingekuwa afadhali kuiacha QWERTY yenyewe. Mpangilio wa Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, umekusanya irabu zote upande wa kushoto wa safu ya katikati, na kwa lugha yenye silabi wazi kama yetu, ambamo konsonanti na irabu hupokezana, jambo hilo linavutia. Hata hivyo K, J, P na Y za mpangilio huo nazo ziko kushoto, hivyo "ka", "ki", "ku" na "ya" hubaki kwenye mkono mmoja, na A bado ni ya kidole cha mwisho. Tovuti za keybr na Monkeytype zinaukubali mpangilio huo pamoja na ule mpya zaidi wa Colemak. Kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta za watu wengine, naona hasara inazidi faida.

Kuhusu muda wa mazoezi, tovuti zote tatu zina kasoro moja inayofanana: hazimwambii mtu aache. Hesabu za siku mfululizo na mafanikio mapya humvuta aendelee, ilhali ushahidi unaelekea upande mwingine. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Alan Baddeley na mwenzake Longman walichapisha matokeo ya mafunzo ya kuchapa ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza, waliogawanywa katika makundi yenye ratiba tofauti. Waliofundishwa saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kuijua kibodi kuliko waliofundishwa saa nne kwa siku, ingawa, bila shaka, siku zao zilikuwa nyingi zaidi. La kuchekesha ni kwamba kundi hilo lililojifunza kwa saa chache ndilo lililoridhika kidogo na ratiba yake, kwa kuwa liliona wenzao wakitangulia. Mtu anayejifunzia mtandaoni, bila mwalimu wa kumpangia, yuko katika hatari hiyohiyo ya kuchagua ratiba inayompendeza badala ya inayomfaa. Nusu saa kwa siku, ikigawanywa mara mbili, inatosha, na vidole vikianza kukosea herufi vilizozijua jana, kikao hicho kimekwisha.

Kipindi kigumu zaidi hakimo katika masomo yenyewe. Ni zile wiki za mwanzo ambapo mbinu mpya iko chini ya ile ya zamani kwa kasi, na kazi ya ofisini haisubiri. Hakuna tovuti kati ya hizi inayomwandaa mtu kwa hilo. Ninavyoona, ni bora kuitumia mbinu mpya katika maandishi yasiyo na haraka, hata kama yanakwenda kwa mwendo wa maneno 15 kwa dakika, na kuiruhusu ya zamani katika yale yenye muda wa mwisho, hadi mpya itakapoipita. Wapo wanaosisitiza kuiacha ya zamani kwa siku moja, na huenda wanao muda ambao wengine hatuna. Kibodi ya kompyuta mpakato inatosha kwa mafunzo yote haya. Kioo cha simu hakifai, kwa sababu hakina kinundu cha F na J wala nafasi ya vidole vinane kutulia.

Kuhusu malipo, nimewahi pia kulipia kozi nyingine ya mtandaoni, ambayo sitaitaja, iliyoahidi kasi maalumu kwa muda maalumu na cheti mwishoni. Masomo yake yalikuwa yaleyale ya safu ya katikati, ya juu na ya chini, mazoezi hayakubadilika kulingana na makosa ya mwanafunzi, na jaribio la mwisho liliweza kurudiwa hadi mtu apite, huku aya ya kuchapa ikiwa ni ileile kila mara. Cheti cha namna hiyo kinathibitisha kwamba mtu ameikariri aya moja. Mwajiri anayehitaji mchapaji humkalisha mbele ya kompyuta na kumpa ukurasa asiouona kabla. Malipo pekee ninayoweza kuyatetea katika uwanja huu ni yale ya kuondoa matangazo ya TypingClub, hasa kama anayejifunza ni mtoto, kwa sababu tangazo linalocheza pembeni ya zoezi huyavuta macho yaliyokuwa yanafundishwa kutulia mahali pamoja.